Fausta na Tairi la Mbele

Magari yaendayo Mpale, kijiji cha mlimani, huuzunguka mlima kwa mbali, lakini wabeba mizigo wa baiskeli wana njia yao. Inaanzia nyuma ya mashine ya kusaga, inapita chini ya miti ya migrevilea, kisha inashuka kwa kona kali hadi bondeni kwenye mkonge, ambako inaungana na barabara ya Korogwe. Ni njia nyembamba, na baiskeli mbili zenye mizigo haziwezi kupitana. Kwa sababu hiyo wabeba mizigo wamewekeana utaratibu wao. Anayetangulia akishavuka Kona ya Kijito, mahali pabaya kuliko pote, anapiga kengele ya baiskeli yake mara mbili. Juu wakiisikia, wa pili anapanda na kuondoka. Kengele isiposikika, hakuna anayesogea.

Kibanda cha Fausta Semboja kipo hapo hapo njia inapoanzia. Ni nguzo nne, bati moja, benchi, pampu ya miguu na beseni la maji ya kutafutia pancha. Fausta ni mwanamke mrefu, mkimya, na mikono yake imekolea weusi wa mpira usiotoka hata kwa sabuni ya mche. Wabeba mizigo wanamwita Mama Yasinta, kwa jina la binti yake anayesoma sekondari ya bweni. Kila mtu pale anajua kwamba ni mjane wa Stefano. Ambacho hakikujulikana kwa muda mrefu ni sababu iliyomfanya mwanamke ambaye hajawahi kuendesha baiskeli hata siku moja ajifunze kazi ya matairi.

Stefano alikuwa mtu wa Sindeni, Handeni. Alikuja Mpale kununua maharage, akamwona Fausta, na hakurudi kwao ila kusalimia. Sindeni ni tambarare yenye mchanga, na Stefano alikuwa amekulia juu ya baiskeli. Alipoanza kushuka mlima na mizigo, wenyeji walimcheka kwamba Mzigua huyu wa tambarare atafia kwenye kona ya kwanza. Hakufia kwenye kona ya kwanza wala ya pili. Kwa miaka mingi alishuka salama, akawa mbeba mizigo anayeheshimiwa kuliko wote, na vijana wengi walijifunza kwake namna ya kufunga gunia lisiyumbe na namna ya kukaa kwenye kiti mteremko unapozidi. Walijifunza pia namna yake ya kuvalisha baiskeli: tairi jipya nyuma, kuukuu mbele. Ndivyo walivyofanya Sindeni. Mzigo unakaa kwenye keria, keria iko nyuma, basi tairi lenye nguvu liwe nyuma. La mbele linaongoza tu.

Alikufa asubuhi moja ya msimu wa vuli, mvua ndogo imepita alfajiri. Stefano alitangulia na gunia la maharage. Dominiko, rafiki yake, alikuwa wa pili, mguu mmoja tayari kwenye pedeli, akisubiri kengele. Fausta alikuwa akichambua mboga uani kwake, karibu na hapo. Naye alikuwa akisubiri, kama alivyosubiri kila asubuhi, bila kujua kwamba anasubiri. Kengele haikulia. Dominiko aliita. Kisha aliiangusha baiskeli yake na kukimbia kuteremka, na wengine wakamfuata, na Fausta nyuma yao.

Walimkuta chini ya Kona ya Kijito, juu ya mawe, gunia bado limefungwa imara kwenye keria. Alikuwa amekwisha kufa. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika na kuning'inia.

"Breki," mmoja wao alisema. "Breki imemuua."

Wanaume walishuka korongoni kumtoa. Fausta alibaki njiani, na kwa kuwa hakuweza kutazama kule chini, macho yake yalitua kwenye udongo. Palikuwa na alama mbili za matairi. Ya nyuma ilikuwa na meno, imeingia kwenye kona vizuri, kama mtu anayejua anakokwenda. Ya mbele ilikuwa laini, pana, haina jino hata moja, kama kidole kilichopita kwenye bakuli la uji. Ilianza kukata kona, ikaghairi, ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni.

Mchana mvua ilinyesha tena. Jioni hapakuwa na alama yoyote.

Kwenye msiba, mama yake Stefano, Bibi Agripina, alikaa kwenye mkeka akiwa ameushika ule waya uliokatika. Mtu alikuwa amempa, na hakutaka kuuachia. Kila aliyeingia kutoa pole alimwonyesha. "Mwanangu hakukosea," alisema. "Chuma kimekatika. Mtu afanye nini chuma kikikatika?" Waombolezaji waliitikia kwamba kweli, hakuna wa kulaumiwa, ni kazi ya Mungu. Fausta alikaa pembeni yake na kuitikia pamoja nao. Aliuona waya ule kwa karibu. Ncha yake ilikuwa imechubuliwa na mawe, imejaa unga mweupe. Ulikatika chini korongoni, si juu njiani. Alinyamaza. Kwa desturi yetu marehemu hasemwi, tena kwenye mkeka wa matanga, tena na mkewe, tena mbele ya mama aliyemzaa.

Lakini kunyamaza si kusahau. Baada ya arobaini alishuka Korogwe, akaenda hadi Old Korogwe, upande wa mtoni, kwenye duka la Iddy. Iddy ni fundi na muuza matairi, mjukuu wa mtu aliyeletwa na mkonge kutoka mbali na akabaki. Duka lake limejaa matairi mapya na ya mtumba, yametundikwa ukutani hadi darini. Fausta alisimama kuyatazama, asiseme neno, kwa muda mrefu hata Iddy akachoka.

"Dada, hayo hayachumbiwi," Iddy alisema. "Chagua moja uondoke nalo."

"Nataka kuuliza," Fausta alisema. "Tairi la mbele likiwa kipara, linafanya nini kwenye udongo uliolowa?"

"Linafanya linavyotaka."

"Na la nyuma likiwa jipya?"

"Jipya au bovu, la nyuma litafuata la mbele liendako. Kwenye mteremko uzito wote unakuja mbele, dada. La nyuma likiteleza, baiskeli inacheza kidogo, unairudisha. La mbele likiteleza hurudishi kitu. Umeshalala chini."

"Kwa hiyo mwenye tairi moja jipya aliweke wapi?"

"Anashuka mlima? Mbele. Hata asifikirie. Anakwenda kwenye tambarare na madumu ya maji? Nyuma." Iddy alicheka. "Watu wa Handeni nawajua hata kabla hawajasalimia. Akinunua tairi moja, anaanza kufungua gurudumu la nyuma hapo hapo nje, mimi hata sijamrudishia chenji. Unawaambia, hawasikii. Babu zao wamefanya hivyo."

Fausta hakucheka. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa mlangoni, akafunika uso kwa kanga. Iddy alipoona hivyo aliacha mzaha, akaenda kumletea maji.

Alipokwisha kunywa, Fausta alisema, "Nifundishe."

"Kuziba pancha?"

"Kuchagua."

Hivyo kwa msimu mzima, kila alipopata lifti ya kushuka na mboga zake, alipitia dukani kwa Iddy. Alijifunza kwamba hakuna tairi linalofaa kila mahali. Udongo wa juu Mpale, mwekundu na wa mfinyanzi, unataka meno marefu yaliyoachana, maana meno yaliyobanana yanajaa tope na kugeuka kipara ndani ya dakika moja. Mawe bapa ya katikati ya njia hayataki meno marefu, kwa sababu yanajikunja na kuyumba. Mawe hayo yanataka mpira laini unaoshika jiwe. Alijifunza kuupima ulaini kwa kubonyeza ukucha na kutazama alama inachelewa kiasi gani kupotea. Kokoto za chini zinataka meno ya pembeni yawe mazima, maana baiskeli ikilala kwenye kona inasimama juu ya hayo. Na bondeni kuna miiba ya migunga, ambayo haijali meno kabisa, inataka unene. Mtu mmoja anapita kote huko asubuhi moja, na tairi hawezi kubadilisha njiani. Ndiyo maana Iddy alimwambia aanze kila mara na swali moja, kwamba ni wapi kwenye njia hiyo mtu akianguka hainuki, na avalishe baiskeli kwa ajili ya mahali hapo. Penginepo ataumia kidogo, atachelewa kidogo, atazibiwa pancha.

Fausta alijua mahali hapo ni wapi.

Alipofungua kibanda chake, wabeba mizigo walikuja kwa sababu ya kumhurumia. Waliendelea kuja kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri. Aliwawekea mbele tairi la mtumba lenye meno marefu na mpira laini, nyuma tairi gumu la kubeba. Aliwapunguzia upepo wa mbele mpaka kidole gumba kikazama kidogo, wa nyuma akauacha mwingi ili rimu isiikate tyubu kwa uzito wa gunia. Walipomuuliza kwa nini anageuza mambo, alijibu, "Iddy wa Old Korogwe ndiye kasema."

Wengi walikubali. Dominiko alikataa.

"Mama Yasinta, unataka kunivalisha kiatu cha kulia mguu wa kushoto?" alimtania kwanza. Fausta aliposisitiza, aliacha utani. "Stefano ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa mkali kuliko sisi sote, na aliweka jipya nyuma. Mimi nikigeuza ni kama nasema hakujua. Sitamfanyia hivyo rafiki yangu. Nawe ni mkewe, nakushangaa."

Fausta aliinamia beseni lake la maji na kutazama mapovu ya pancha. Kila asubuhi, Dominiko alipoondoka na tairi lake kipara mbele, Fausta aliacha kazi na kusimama mpaka kengele ilie.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka huu, masika yalipogoma Handeni na mahindi yakakauka Sindeni yakiwa na urefu wa goti. Siku moja mchana, lori la kijiji lilimshusha Bibi Agripina mbele ya mashine ya kusaga, akiwa na fimbo yake na kikapu. Pamoja naye alishuka Habakuki, mdogo wake Stefano, amevaa tairi jipya begani kama mkoba.

"Shikamoo, mama," Fausta alisema, akimpokea kikapu kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huku juu?"

"Hatujambo. Za Sindeni?"

"Za Sindeni jua tu."

"Shem, mambo vipi?" Habakuki alisema.

"Msalimie vizuri," mama yake alimkemea. "Huyo ni mke wa kaka yako, si mwenzako wa kijiweni."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Haba. Mbona umekonda hivyo?"

"Si nilikuwa nashindana na mahindi nani atakauka kwanza."

Walikula kwanza. Kisha Bibi Agripina alieleza kilichomleta. Habakuki hakuwa na kazi, na nyumbani hapakuwa na chakula cha kufikia mavuno mengine. Baiskeli ya Stefano ilikuwa imekaa bila kazi. Amekuja kuikabidhi kwa mdogo wake, kama mama, kwa mkono wake, ili kijana achukue nafasi ya kaka yake njiani. Fausta alikuwa ameitarajia siku hiyo. Aliitoa baiskeli ndani, alikokuwa ameifunika kwa gunia baada ya kuitia waya mpya wa breki.

Tairi la nyuma lilikuwa limechanwa na mawe ya korongoni. La mbele lilikuwa zima. Lilikuwa kipara, linang'aa, halina mkwaruzo.

Bibi Agripina aliupitisha mkono wake juu ya usukani, juu ya kiti, juu ya lile tairi. Hakulia.

"Hili nimelinunua Old Korogwe," Habakuki alisema, akilivua lile jipya begani. "Muuzaji kaniuliza, 'Wewe ni wa Handeni?' Nikamwambia umejuaje? Kacheka tu." Alikwisha kupiga magoti kwenye gurudumu la nyuma. "La mbele bado zima kabisa, shem. Linabaki hilo hilo."

"Libaki," Bibi Agripina alisema. "Hilo mwanangu alilivalisha kwa mikono yake."

"Mama," Fausta alisema, "naomba jipya tuliweke mbele."

"Mbele?"

"Ndiyo, mama."

"Mzigo uko nyuma, jipya liwe mbele? Nani anafanya hivyo?"

"Huku wengi wanafanya hivyo sasa."

"Stefano alifanya hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi," Bibi Agripina alisema, na ilikuwa kama amefunga mlango.

Habakuki alifungua gurudumu la nyuma akipiga mluzi. Fausta alikwenda jikoni, akasimama mbele ya jiko lisilo na moto. Kijana angeshuka kesho asubuhi. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na Kona ya Kijito haikauki hata kiangazi, maana maji ya kijito yanapenya chini ya njia. Kwa wengine aliweza kujificha nyuma ya jina la Iddy. Mbele ya mama huyu, jina la Iddy halikutosha. Kulikuwa na jambo moja tu lililoweza kuliondoa tairi lile, na jambo hilo lingeuchukua ule waya mikononi mwa mwanamke mzee ambaye hakubaki na kitu kingine.

Alirudi uani.

"Mama, haikuwa breki."

Habakuki aliacha kupiga mluzi.

"Waya ulikatika alipofika kwenye mawe," Fausta aliendelea. "Nilikuwa hapo. Niliona alama njiani kabla mvua haijaifuta. Tairi la mbele liliteleza. Hilo hapo. Lilikuwa kipara, likashindwa kukata kona."

Bibi Agripina alijibu kwa sauti ya chini sana.

"Unasema mwanangu alijiua."

"Sisemi hivyo, mama."

"Ndivyo ulivyosema. Aliyelivalisha ni yeye. Marehemu hawezi kujibu, na wewe unamsema mbele ya mdogo wake, kwenye uwanja wake."

"Mama, tumsikie kwanza," Habakuki alisema.

"Wewe nyamaza."

"Nisamehe, mama," Fausta alisema, na alipiga magoti. "Ningenyamaza mpaka nizikwe. Lakini huyu anashuka kesho."

Kuku walikuwa wakiparua kando ya jiko la mafiga. Bibi Agripina aliwatazama kama mtu anayewahesabu. Kisha alijiinua kwa fimbo yake.

"Nipelekeni," alisema. "Siku ile mlinizuia nisiende. Sijawahi kupaona."

Waliteremka polepole, Habakuki akisukuma baiskeli, ameirudishia gurudumu la nyuma likiwa na tairi lake bovu, Fausta akimshika mama mkono na kubeba pampu na lile tairi jipya. Chini ya migrevilea palikuwa na ubaridi. Mahali njia inapoinama ghafla na kupinda kushoto, maji yalichirizika kwenye udongo mwekundu, na upande wa kulia ardhi ilikwisha. Bibi Agripina alitazama kule chini kwenye mawe. Alitazama mara moja tu.

"Haba," Fausta alisema, "panda. Bila mzigo, polepole, miguu iwe tayari. Ukifika hapo, kata kona na ushike breki ya mbele."

"Polepole tu? Hata mtoto..."

Hakumaliza. Gurudumu la mbele lilitoka chini yake kama sabuni mkononi. Aliutupa mguu kwenye tope, akaanguka kwa goti upande wa mlimani, na baiskeli ikalala ukingoni, gurudumu likizunguka hewani.

"Mama yangu wee!" alisema. Hakucheka.

Fausta aliivuta baiskeli. Hapo hapo njiani, kwa vijiko vyake viwili vya chuma, alilitoa tairi kipara na kulivalisha jipya lenye meno, akajaza upepo, akaupunguza, akabonyeza kwa kidole gumba. "Panda tena. Vile vile ulivyofanya."

Habakuki alisita, kisha alipanda. Akafika pale pale, akashika breki. Meno yaling'ata udongo kwa sauti ndogo, na baiskeli ikazunguka kona na kusimama upande wa pili.

Bibi Agripina aliinama kwa shida. Njiani palikuwa na alama mbili kando kando. Moja ilikuwa na meno, imekunja vizuri kuifuata njia. Nyingine ilikuwa laini. Aliweka kidole kwenye ile laini, akaifuata taratibu hadi ilipokomea ukingoni.

"Ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi, mama. Ila ndefu zaidi."

Alibaki ameinama, kidole kwenye udongo. Maji yalikuwa yameanza kuijaza ile alama.

"Baba yake," alisema, "alikuwa akiwapelekea maji wakata mkonge, kabla hatujahamia Sindeni. Madumu mawili nyuma. Jipya nyuma, kuukuu mbele. Stefano alikuwa mdogo hivi, ndiye anamshikia gurudumu. Mimi nilikuwa nawatazama, nikipika." Alijifuta kidole kwenye kanga. "Barabara za mkonge zimenyooka. Hakuna kona kule. Kona hata moja hakuna."

Kisha alimgeukia Fausta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umepata kitu cha kushika, mama. Sikutaka kukunyang'anya."

"Nilishika waya uliokatika," Bibi Agripina alisema. "Miaka yote hii." Alimpa Fausta mkono amwinue, na aliposimama hakuuachia. Walipanda hivyo hadi nyumbani, na lile tairi kipara alilibeba yeye mwenyewe, kwenye mkono wa pili pamoja na fimbo, akikataa kupokewa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye bati la kibanda. Wabeba mizigo walikuwa wamejipanga na baiskeli zao, ndizi, kabichi na magunia, wakitania kwa sauti za chini kama kawaida ya asubuhi. Walipomwona Bibi Agripina akija na fimbo, walinyamaza na kumwamkia mmoja mmoja. Aliitikia shikamoo zote. Kisha alisimama mbele ya benchi.

"Nina neno," alisema. "Mwanangu Stefano mnamheshimu, nami nawashukuru. Mmekuwa mkisema breki. Mimi ndiye niliyeanza kusema hivyo. Haikuwa breki. Aliweka tairi kipara mbele, kama baba yake alivyomfundisha kule kwenye tambarare, na huku si tambarare. Mtu akiwauliza, semeni hivyo. Mimi mama yake nimewaruhusu."

Wanaume walitazama chini. Dominiko alikuwa ameshika usukani wake kwa mikono yote miwili. Alimtazama Fausta.

Habakuki alipewa gunia dogo, kabichi tupu, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kwanza. Fausta alibonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma, alilokuwa amempa kutoka kibandani, akavuta kamba za mzigo.

"Nenda polepole," alimwambia. "Ukivuka kona, kengele mara mbili."

"Sawa, shem."

Alizama kwenye ukungu. Kwa muda walisikia breki zikilia, kisha mawe madogo yakiporomoka, kisha hawakusikia kitu. Fausta alisimama mikono ikiwa imelowa maji ya beseni. Bibi Agripina alikaa kwenye benchi, macho yamefumba. Muda ambao mtu hutumia kufika kwenye kona ulipita. Ukazidi. Dominiko alitoa mguu kwenye pedeli. Mmoja nyuma alisema, "Mbona..." na mwenzake akamshika mkono anyamaze.

Ndipo kengele ikalia. Haikulia mara mbili. Ililia mfululizo, bila mpangilio, kama ya muuza aiskrimu anayeita watoto wa mtaa mzima.

"Amesahau ni mara ngapi," mtu alisema.

"Huyo ni Habakuki," Bibi Agripina alisema bila kufumbua macho, na machozi yaliyokuwa yamekawia tangu jana yalianza kumtoka.

Sasa ilikuwa zamu ya Dominiko. Njia ilikuwa wazi, na wenzake nyuma walimsubiri aondoke. Yeye alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma hadi kibandani, na kuanza kuufungua mkungu wake wa ndizi kutoka kwenye keria. Aliuweka chini taratibu, karibu na miguu ya Bibi Agripina, akaipindua baiskeli, magurudumu juu.

"Mama Yasinta," alisema, "nitolee hili la mbele."